Ni ya Kwenu na Ni ya Kwetu

Dada yangu,

Usishangae kuitwa dada na mtu usiyemjua. Ulikufa kabla sijazaliwa, na Kichina ulichoimbia sikijui. Mimi ni Rehema wa Likoni, mfanyakazi wa nyumba hapa Al Warqa, nchi ya Waarabu, kwa familia ya Wachina. Aliyetukutanisha ni bibi wa nyumba hii, mama yake madam. Wajukuu wanamwita Popo. Kwao maana yake ni bibi, kwetu ni popo wa darini, na wiki ya kwanza nilikuwa nainamisha kichwa nisionekane nacheka.

Bibi amesahau karibu kila kitu. Hata madam, mtoto aliyemzaa, humuuliza jina. Lakini wewe hakukusahau. Madam aliniambia kwamba enzi za usichana wa Bibi, kwenye kiwanda cha nguo, walikuwa na kanda moja tu ya nyimbo zako. Kila msichana alikaa nayo siku moja, akaandika maneno daftarini mwake, kisha akampa mwenzake kanda. Ulipofia ugenini, bado kijana, kiwanda kizima kililia. Daftari la Bibi liko chini ya mto wake mpaka leo, kurasa zimebanduka.

Miaka miwili, dada, wewe ndiye uliyemlisha. Nikiweka wimbo wako kwenye simu, anafungua mdomo aimbe, nami natia kijiko cha uji. Mstari, kijiko. Mstari, kijiko. Nikazikariri nyimbo zako bila kujua naimba nini. Nilisikia tu "ni, ni", nikadhani unajisema mwenyewe, kama sisi tunavyosema nina, nilikuwa, nitarudi. Nikasema, huyu dada anajipenda kweli. Nilipomwambia madam, alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniwekea kidole kifuani. "Ni," akasema. "You." Yaani wewe. Kumbe miaka yote hiyo ulikuwa unamwita mtu mwingine.

Tangu Ijumaa sauti yako haimfungui mdomo tena. Naiweka, anatazama ukuta. Daktari alikuja, akasema ni umri, khalas, tumtulize tu. Madam, mtu ninayemwogopa, nimemwona amepiga magoti na bakuli mkononi, analia. Nimeimba mwenyewe. Nimempa daftari alishike. Nimemwombea dua za kwetu, ingawa si wa dini yangu. Simu inaimba mpaka chaji inakwisha, uji unaganda. Sijui nifanye nini, dada. Sijui kabisa.

Leo asubuhi nilikuwa nampangusa uso, akanitazama machoni akasema, "Ni." Mara moja tu. Sijui alikuwa anaimba, au aliniita mimi, au alikuona wewe nyuma yangu. Mimi nikakimbilia kijiko. Nilipogeuka, mdomo ulishafungwa, na macho yamerudi ukutani. Ningeitika tu. Neno moja, naam, Bibi, lingenigharimu nini? Nilikimbilia kijiko.

Nakuacha hapa, kuna uji mwingine jikoni na lazima nijaribu. Sikuombi umrudishie hamu ya kula, sidhani kama unaweza. Akifika huko, mpokee. Hutahitaji kumfundisha wimbo hata mmoja.

Nami nakuahidi hili: akisema "ni" tena, kijiko nitakiweka chini. Nitaitika.

Rehema