Nakshi ya Mama Yake Bi Zuhura

Jumanne

Leo wanawake wote kumi na mmoja wanaonitarizia kofia wameweka sindano chini na kutoka karakanani mwangu.

Kosa ni langu. Nilichukua kofia ya Bi Zuhura, fundi wangu mkuu kutoka Siyu, nikaiingiza nakshi yake kwenye mashine mpya ya kutarizi bila kumwambia. Asubuhi zikatoka kofia sita, sawa na yake kitobo kwa kitobo.

Aliishika moja, akaipindua atazame ndani. "Bwana Imtiyazi, nakshi hini aliibuni mamangu. Uliniuliza?"

Nikamjibu kwamba ni biashara tu, hata kwetu Surat kila kiwanda hunakili.

"Basi rudi kwenu ukanakili." Akatoka, wenzake wakamfuata.

Miaka tisa niko hapa, na hilo "kwenu" limenichoma kuliko karakana tupu. Babangu naye alitarizi kwa mkono. Mashine zilipoingia mtaani kwetu Surat, hakuna aliyemuuliza neno. Niliyaona kwa macho yangu, na bado...

Alasiri niliifuta nakshi ile kwenye mashine, nikazibeba kofia sita hadi nyumbani kwa Bi Zuhura. Alifungua mlango nusu. Nikaomba radhi.

Alizitazama, kisha akanitazama mimi. "Ingia. Mkasi ule pale."

Nikaketi mkekani, nikazifumua zote uzi kwa uzi, naye hakunisaidia hata moja. Nilipomaliza akasema kesho atakuja.

"Na wenzako?"

"Hao utawaomba radhi mwenyewe, nyumba kwa nyumba."

Naanza baada ya Alfajiri.