KIKAO CHA UKOO WA CHINGUILE CHA KUMUAGA ASMAA ANAYEKWENDA KUSOMEA UWAKILI WA MIRATHI

Tarehe: Jumapili, 13 Oktoba 2024
Mahali: Lionja, Nachingwea, nyumbani kwa Mwenyekiti
Muda: Saa 4:20 asubuhi (kiliitishwa saa 3:00)

WALIOHUDHURIA
Bashiri Chinguile – Mwenyekiti
Ismaily Chinguile – Katibu, mdogo wake
Fatu Chinguile – dada yao
Kulthumu – mjane wa ndugu yao, marehemu Yunusi
Asmaa Yunusi – binti yake, mwanafunzi

HAKUHUDHURIA
Imrani wa Nkowe. Bodaboda imeharibika. Ni mara ya nne kuharibika siku ya kikao.

KUMB. NA. 1/2024: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kwa dua, kisha alieleza kwamba yeye ndiye aliyemsomesha Asmaa tangu Yunusi alipofariki mwaka 2008. Alilieleza hilo mara tatu.

KUMB. NA. 2/2024: MASOMO
Asmaa alieleza kwamba amemaliza shahada ya sheria na anakwenda Shule ya Sheria, Dar es Salaam, ili awe wakili wa wosia na mirathi. Bi Fatu alisema alitegemea hakimu, kumbe mtoto anataka kuhangaika na mali za maiti. Asmaa alijibu, "Shangazi, maiti hana shida tena. Wenye shida ni waliobaki."

KUMB. NA. 3/2024: JALADA
Asmaa alieleza kwamba wakili anayemfundisha kazi alimtuma mahakamani kusoma majalada ya zamani ya mirathi. La tatu lilikuwa la baba yake. Alitoa nakala ya muhtasari wa kikao cha ukoo kilichomteua Mwenyekiti kuwa msimamizi wa mirathi, akausoma: "Marehemu hakuacha mtoto." Kwa maneno hayo shamba la mikorosho liliandikwa jina la Mwenyekiti.

Bi Kulthumu, ambaye miaka yote aliambiwa shamba linamsubiri mwanawe, aliuliza, "Sasa huyu niliyemzaa ni nani?"

Mwenyekiti alisema bila shamba hilo Asmaa asingejua hata kuandika jina lake. Asmaa alisema ni kweli na anashukuru. Kisha aliuliza karatasi hiyo aliiandika nani.

Katibu alisema ni mwandiko wake. Aliandika alivyoambiwa na kaka yake, na Asmaa, wakati huo ana miaka saba, alikuwa amekaa mlangoni anakula muhogo. Katibu hajawahi kuona aibu kama ya leo.

KUMB. NA. 4/2024: AZIMIO
Asmaa aliomba muhtasari mpya aupeleke mahakamani, uteuzi utenguliwe. Mwenyekiti alisema, "Ismaily, ukiandika hilo, mimi na wewe basi," akatoka saa 6:10. Waliobaki waliazimia iandikwe: Marehemu Yunusi aliacha mjane, Kulthumu, na mtoto mmoja, Asmaa.

KUMB. NA. 5/2024: KUFUNGA
Bi Fatu alifunga kikao saa 6:40. Pilau halikuguswa.

Kabla Katibu hajasaini, Asmaa aliusoma muhtasari wote, akasema, "Baba mdogo, kile ulichokiri kiache humu, la sivyo hakimu atauliza muhtasari upi ni wa kweli, ule au huu. Lakini ujue, unaweza kushtakiwa nacho."

Katibu amekiacha.

Mwenyekiti: (hakusaini)

Katibu: I. Chinguile, mwandishi wa mihtasari yote miwili