Hadithi ya Jina Langu Uliwapa Wageni

Baba yangu uliye Unguja,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa naishia kusema "ndiyo, baba" tu.

Unakumbuka hapa Mshangano, Songea, tukipukuchua mahindi, ulivyokuwa ukinisimulia kisiwa? Ulisema karafuu zikianikwa, mtaa mzima unanukia kama chai ya sikukuu. Ulisema wafanyabiashara walileta vitambaa na vyombo vya kaure, wakaondoka na pembe za ndovu. Na yule bibi wa zamani wa ukoo wetu, niliyerithi jina lake, ulisema alifika huko kuuza mikeka, akapapenda, hakurudi. Nililibeba jina hilo kwa maringo, mimi ninayeogopa hata kunyoosha mkono darasani. Bibi, mama yako, akiniamkia kwa utani, "Shikamoo, bibi," nilikuwa najificha nyuma ya mlango, lakini nilikuwa nafurahi.

Wiki iliyopita rafiki yangu alinionyesha video.

"We, si baba yako huyu? Mbona Kiingereza kinamtiririka hivyo!"

Ulikuwa mbele ya watalii. Ukawaambia kwamba mwanamke wa ukoo wako alikamatwa huku kwetu, akaswagwa kwa miguu hadi Kilwa, akavushwa na kuuzwa kisiwani. Ukataja jina lake. Jina langu, baba. Mama mmoja wa Kizungu akafuta machozi, ukamshika bega.

Nilimuuliza Bibi. Akaweka ungo chini.

"Baba yako nilimwambia akiwa na umri kama wako. Ulipozaliwa wewe, akaniomba akueleze mwenyewe. Kumbe hajasema?"

Labda uliona nitaumia. Lakini wewe ndiye uliyenipeleka shule ya Kiingereza. Ulidhani sitakuja kuelewa? Kuuzwa kwake kunaniuma, ndiyo. Ila kinachoninyima raha ni kwamba wageni wamemlilia kabla yangu, wakati mimi nilikuwa bado nawaringia wenzangu mikeka ambayo haikuwepo. Siku hizi wakiniita jina hilo, nachelewa kuitika.

Umesema nije likizo, unitembeze mjini. Siji, baba. Nisamehe, sijawahi kukukatalia kitu. Njoo wewe Songea, ukae mbele ya Bibi, uniambie kwa Kiswahili, kuanzia pale alipokamatwa. Usiruke kitu. Nikilia, usinyamaze, endelea mpaka mwisho.

Nakusubiri, na bado nimekasirika.

Binti yako, mwenye jina lake