Injini ya Landrova ya Babu

Kakola, Bulyanhulu
4 Machi 2024

Mdogo wangu Ndaki,

Marahaba, maana najua shikamoo yako ipo njiani. Sisi wazima, ila mwanangu Lusia ana mafua na mvua haituachi. Presha ya Baba inaendeleaje? Nimempa kondakta wa basi barua hii kwa sababu simu yako pale yadi inapokelewa na kila fundi.

Jana nilipeleka chakula kwenye karasha ya mzee Januari, wanakosaga mawe ya dhahabu. Injini inayoizungusha niliijua kwa mlio kabla sijaiona. Nikainama, nikakuta alama ya Babu, jembe dogo alilochonga kwa tindo. Ndaki, ni injini ya Landrova ya Babu! Ile aliyoinunua kwenye mnada wa mgodi wa almasi, akaivuta kwa maksai kutoka Songwa hadi Kambarage, yadi yetu ya magari chakavu ikaanzia hapo. Malori ya pamba, Mabedford, yalikuja baadaye. Kila gari pale tunalikata na kuliuza, isipokuwa hilo moja, na funguo za geti unazo wewe. Nimemuuliza Januari. Amecheka tu, akasema ilitoka kwetu kwa heshima zote.

Heshima za nani? Baba usimwambie, itamuua.

Dada yako,
Juliana


Kambarage, Shinyanga
11 Machi 2024

Dada Juliana,

Shikamoo. Poleni na mvua, Lusia umpe maji ya limao. Baba anakula vizuri. Macho ndiyo yanazidi kufifia, lakini kila asubuhi lazima apelekwe kwenye Landrova, akae kwenye usukani na chai yake.

Barua yako imenikosesha raha. Nilisubiri Baba alale mchana, nikafungua boneti. Ni kweli, hamna kitu. Ila nyaya zimefungwa vizuri na boliti zote zimewekwa kwenye kopo. Mwizi hafanyi hivyo. Huyu ni fundi, na hakuwa na haraka.

Sasa nikuulize, na nakuomba usikasirike. Mwezi wa kwanza nilikaa Songwa wiki nzima kwenye msiba wa mama mkwe. Shemeji Cornel akaja na pikapu kumjulia hali mzee. Cornel ni fundi. Alirudi na nini? Huyo Januari ni jirani yenu, si yetu.

Baba sijamwambia, wala sitamwambia.

Mdogo wako,
Ndaki


Kakola
2 Aprili 2024

Ndaki,

Salamu zako zimefika. Majibu sijayaona.

Mume wangu umemwita mwizi. Ameapa mbele yangu na mbele ya katekista kwamba hakugusa hata spana. Basi nimewaita baba mdogo Stanslaus na wazee wa ukoo, tunakuja Jumamosi. Baba tutamwambia ni kikao cha mahari ya Vumilia, binti yake baba mdogo. Kama huna la kuficha, utaziweka funguo mezani.

Dada yako,
Juliana


Kambarage
28 Aprili 2024

Ndaki mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Mkeo Klara na watoto hawajambo? Namba yako haipatikani, nimempa shemeji yako Benjamini, kaka yake Klara, akuletee barua hii.

Tangu uache funguo mezani siku ile ya kikao na kuondoka, nipo hapa yadi. Baba alikuwa anakuulizia kila siku, nami namwambia umesafiri kutafuta vyuma. Jana nilichoka kudanganya, nikamweleza yote. Alicheka kwanza, akidhani namtania. Halafu akasema, "Injini nilimpa Januari mimi mwenyewe, akaja na fundi wake, Ndaki akiwa msibani na funguo ameniachia mimi. Macho yangu yamekwisha, siwezi kuiwasha tena, na nyie mlikuwa mnaifuta vumbi tu. Injini isiyowashwa inaoza. Nilitaka isikike inafanya kazi. Kwa nini hamkuniuliza?"

Ndaki, tulikuwa tunanong'ona naye amekaa palepale. Nimekuita mwizi mbele ya wazee, mkeo na wanao wakisikia. Naona aibu. Rudi nyumbani, nakuomba.

Dada yako,
Juliana


Songwa
16 Mei 2024

Juliana,

Barua nimeipata. Klara na watoto wazima. Nashukuru kwamba Baba hayuko peke yake.

Nimepata kazi kwenye gereji hapa. Gea boksi ya Bedford ya kijani usiiuze, Baba aliwaahidi watu wa mashine ya pamba. Dawa yake ya macho iko kwenye dashibodi ya Landrova.

Nilipomshuku Cornel nilikuuliza wewe peke yako, kwa barua, tena nikakuomba usikasirike. Wewe ulikuja na watu.

Jumapili nitakuja kumwona Baba. Nenda kanisani mapema, na ukae huko mpaka nitakapokuwa nimeondoka.

Ndaki Ngassa