Mgeni Aliyelala Karibu na Hita

Mama, Bwana asifiwe.

Itika kwanza. Nakujua wewe: mtu akianza maneno bila salamu unamwangalia tu mpaka aanze upya. Haya, nimesalimu. Neema naye anakusalimu. Yuko kazini, amechukua tena shifti mbili kwa wale wazee anaowatunza, na nikimwambia dada pumzika anasema atapumzika mbinguni, kama ulivyokuwa ukisema wewe.

Nakuandikia kutoka jikoni kwetu, Columbia Heights, meza ile ile, tena nimekalia kiti chako. Ndiyo, nimekikalia, usininunie. Nje mti wa jirani umeanza kuwa mwekundu, na dirisha limeshika mvuke kwa sababu nimepasha ugali wa jana. Samahani, bugali. Hiki Kiswahili changu cha shule ya kambini Kigoma hukukipenda tangu zamani. Ulisema kinavaa tai hata jikoni. Mbele yangu kuna sahani, na ndani ya sahani yuko mgeni wako. Jana nilimtia maji. Sasa nangoja nione kama ataamka, na ninaogopa, Mama, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unakumbuka siku tuliyompata? Ilikuwa mwisho wa kiangazi cha huku, na profesa wangu alikuwa amenituma msitu wa kaskazini kuokota vipande vya magogo, tuchunguze ni kuvu gani zinazokula miti iliyoanguka. Nilitaka kwenda peke yangu. Wewe ukasimama mlangoni na viatu vyako vya kanisani, pochi mkononi. "Mutoto mwanamuke anaenda pori peke yake, akipotea nitauliza nani? Miti?" Basi tukaenda wote na gari la Neema. Uliimba nyimbo za kwaya njia nzima, na zilipokwisha ukazirudia kuanzia ya kwanza.

Lakini tulipoingia msituni uliukatiza wimbo katikati. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake, na kila kitu kilikuwa kikidondosha maji polepole. Miti ya mibetula imesimama na magome yake meupe, moss, yale majani mafupi laini kama zulia, imefunika ardhi hata nyayo zetu hazikusikika, mwanga unashuka kijani kijani kama tuko chini ya maji. Ulivuta pumzi ndefu ukasema kwa sauti ndogo, "Inanukia Itombwe." Mimi milima yetu ya Itombwe niliiacha nikiwa mgongoni kwako, siijui harufu yake. Nikavuta pumzi na mimi, nikaiweka.

Uyoga ulikuwepo tele, mwekundu, wa kahawia, mwingine mweupe kama yai. Nilikuwa nimeshaandaa hotuba yangu juu ya sumu. Hukunipa nafasi. Uliinama, ukanusa mmoja, ukausimamisha tena vizuri kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani. "Kila buyoga iko na kwao. Na iyi bado hatujajuana."

Halafu nikasikia unaniita kutoka nyuma ya gogo. "Mama! Mama, njoo! Kuko mutu ametapika mayai hapa!"

Uliniita Mama siku zote, kwa kuwa nina jina la mama yako mzazi, na hata dukani uliniita hivyo Wazungu wakageuka wote wawili wawili kututazama. Nikaja mbio. Juu ya gogo lililooza kulikuwa na kitu cha manjano, kinang'aa, kimetandaza mishipa myembamba kama ile iliyo nyuma ya jani. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikakueleza kwamba hayo si matapishi, hicho ni kiumbe, kiko hai, kinatembea.

"Kinatembea na miguu gani?"

"Hakina miguu."

"Kiko na macho?"

"Hakina."

"Kinywa? Akili?"

"Hakina, Mama, lakini ukikiweka katikati ya vijia vya kukipoteza kinatafuta chakula mpaka kinakifikia."

Ukakizunguka. "Ni muti?" Nikasema si mti. "Ni nyama?" Si mnyama. "Basi ni buyoga." Nikasema hata uyoga si, zamani watu walidhani ni kuvu, sasa wamekiweka peke yake. Kwa Kiswahili sijui kinaitwaje, mimi nakiita ukungu-ute. Ulifikiri kidogo, ukajifunga kitenge vizuri kiunoni. "Aiko na kabila, aiko na nyumba, na iko na njaa. Huyu ni mugeni." Mambo yakaisha hapo. Darasani tulibishana juma zima ni kiumbe cha namna gani, na hatukufika.

Leba, yaani maabara ya chuo, ilichukua kipande chake, na profesa akaniruhusu kukaa na kipande kingine nyumbani. Nilikupa maagizo: giza, karatasi yenye unyevu, na shayiri kidogo kila siku, zile bapa za kupikia uji. Ukaziangalia kwenye kiganja. "Ile ni chakula ya farasi. Mugeni wangu ni farasi?" Tangu siku hiyo, kila jioni ulipopika ulikata tonge la kwanza, dogo kama ncha ya kidole, ukamwekea kabla hujatupakulia sisi. Nilipiga kelele, wee! Nilisema utaniharibia kazi. Lakini ugali hautiwi chumvi, na chumvi ndiyo ingemfukuza. Yeye akaupanda ugali wako na kuutandikia mishipa yake, akanona. Ukweli ni kwamba hata leba zingine zinamlisha unga wa mahindi. Nilijua, ila sikukuambia, maana ungejivuna mpaka Pasaka.

Jumamosi tulipanda ile treni mpya ya University Avenue mpaka mtaa wa Frogtown kutafuta unga, na ulipoulizwa zinakutosha kilo ngapi ulijibu, "Ongeza, niko na mugeni." Muuzaji akadhani tuna ndugu aliyefika kutoka kambini. Akatuongezea na sombe ya bure, kile kisamvu chetu, na wewe ukapokea bila haya.

Ninachokikumbuka zaidi ni zile jioni. Theluji inaanguka nje bila sauti, taa ya jikoni imezimwa ili mgeni asisumbuke, umeacha ile ndogo ya juu ya jiko. Hatembei ukimwangalia. Ukienda kuosha kikombe na kurudi, unakuta ameshafika mahali pengine. Ulikaa naye, kidevu mkononi, ukamsimulia mambo kwa Kibembe: mto wa kwenu, mbuzi wa babu aliyekuwa akila nguo, mvua ya Septemba inayotoa uyoga mlimani usiku kucha. Mambo mengine hukuwahi kunisimulia mimi. Nililala kwenye kochi nikisikiliza, nusu naelewa, nusu naota, na hata leo sijui mbuzi yule alikula nguo kweli au nilimwota mwenyewe.

Halafu ikaja ile baridi kali, ya kope kuganda. Nilikwenda na darasa kaskazini siku chache kuangalia kinachoendelea chini ya theluji. Niliporudi nikakukuta umekaa hapa, kichwa umekifunga kitambaa cha msiba.

"Mama, kaa," uliniambia. "Nimeua mugeni."

Nikadhani mtu kweli. Ukafunua. Ulikuwa umemwona anadunda, kama mishipa yake inavyodunda siku zote, ukadhani anatetemeka kwa baridi. Ukamsogeza karibu na hita ya ukutani, ukamfunika kitenge mara mbili, kwa sababu mgeni halazwi na baridi. Maji yote yamekauka. Manjano yake imekuwa ganda gumu la rangi ya machungwa, limeng'ang'ania karatasi. Machozi yalikuwa yanakutoka, Mama, ya kweli. Ulivuka ziwa ukikimbia vita na watoto wawili na hukulia mbele yetu, leo unalia kwa ajili ya ute.

Nikakukumbatia nikicheka. "Hakufa. Amelala tu. Akikauka polepole anajifunga hivi, anangoja. Ukimpa maji anaamka, hata baada ya miezi."

"Lazaro aliitwa na Yesu," ukasema ukijifuta pua. "Akuitwa na mutu wa leba."

"Tumpe maji sasa hivi uone."

"Apana!" Ukamnyakua. Ukasema umeshamtesa kwa joto, usimtese tena kwa kumwamsha katikati ya baridi kwenye nchi si yake. Tungoje theluji iishe. Tutampeleka kwao, kwenye gogo lake, mimi na wewe. Tumpe maji pale. "Akiamuka, nitamuomba radhi. Kama akuamuka, nitamuzika. Leo udongo iko jiwe." Ukakunja karatasi, ukaifunga kwenye pembe ya kitenge chako cha buluu, fundo lile unalofungiaga vitu usivyotaka vipotee. Kisha ukaniuliza, "Na watu je? Wakikufa wakati wa baridi huku, wanazikwa namna gani?" Nikakujibu sijui, nikabadilisha maneno.

Sasa najua, Mama. Wanaleta mashine ya kupasua ardhi. Moyo wako ulisimama siku ya Jumapili, theluji bado iko magotini, na wewe ambaye ulimwonea huruma mgeni usimtie kwenye udongo ule, ndiwe tuliyekutia. Kwaya iliimba mpaka midomo ikakataa. Nilitaka kuwaambia wangoje. Nilitaka kusema yeye mwenyewe alisema tungoje theluji iishe.

Tulipomaliza matanga akina mama wa kanisa wakaja kugawa nguo zako, kama ilivyo desturi. Kitenge cha buluu kikaangukia kwa Mama Riziki, unamjua na mikono yake myepesi, akaanza kulifungua fundo hapo hapo. Niliruka. Nilikivuta mbele ya watu, bila adabu, nikasema hiki hapana. Neema akaniangalia kama nimerukwa na akili. Mama Riziki akacheka, "Ee, kuna dola humo!" Nikamwachia acheke. Alipewa kile cha kijani na viatu vyako vya kanisani, na vinamtosha, nimeviona vikicheza ibadani.

Theluji ikaisha. Sikwenda. Majira ya kuchipua yakapita, kiangazi kikapita, kitenge kiko juu ya kabati na fundo lake. Profesa aliniuliza kuhusu kile kipande, akanikumbusha kwa upole kwamba ganda halingoji milele. Kila mwezi unaopita linaweza likakataa. Kana kwamba sijui. Ndicho nilichokuwa nikikiogopa, Mama. Fundo likiwa limefungwa, yuko aliyelala, na ahadi yetu bado iko mbele. Nikilifungua na asiamke, itakuwa imekwisha yote, na utakuwa umekwenda na neno lile mdomoni, nimeua mugeni.

Jana niliona majani yamegeuka rangi. Ardhi itaganda tena. Nikasema potelea mbali. Nikashusha kitenge. Fundo lako lilinishinda, nikalifungua kwa meno, na lilikuwa na harufu yako, ile losheni ya nazi na moshi wa samaki. Nikaweka karatasi kwenye sahani, nikaidondoshea maji. Upande mmoja nikaweka shayiri. Kisha nikapika bugali, wa kwanza tangu uondoke, umetoka na mabuje ya unga na ungenicheka sana, nikaweka tonge dogo upande wa pili.

Asubuhi hii lilikuwa ganda tu. Nikaanza kukuandikia ili macho yasikae hapo. Nimeandika msitu, nimeandika Frogtown, nimekulilia hapo kwenye ile mashine ya kupasua ardhi, nikainuka kuosha kikombe.

Nimerudi sasa hivi.

Mama, ametoka. Uzi mmoja wa manjano, mwembamba kama wa kushonea, umeacha karatasi. Shayiri hajaigusa. Ameelekea kwenye ugali, ameshafika ukingoni, na ukiinama karibu unamwona akidunda. Unajua nilifanya nini? Niliita. Kwa sauti kubwa, majirani wa chini wamesikia: "Mama! Mama, njoo uone!" Nikangoja uitike kutoka chumbani, kabisa nikangoja, kitambaa cha vyombo mkononi.

Jumamosi Neema hana kazi. Tutampeleka kwao, mpaka kwenye gogo lake kabla ya baridi, na nitamwambia kwa niaba yako lile neno la radhi, kwa Kiswahili chako, si hiki chenye tai. Lakini wewe sikuweza kukuacha ungoje mpaka Jumamosi. Ameamka, Mama. Ulimlaza tu. Hukumuua.

Ni mimi, binti yako, uliyekuwa ukiniita Mama.