Jumapili Nimewakatalia

Makorora, Tanga

Mdogo wangu Consolata,

Tumsifu Yesu Kristo. Machungwa ya Muheza sasa nayauza kwa simu tu, maana mama hainuki tena kitandani, na wewe tangu Pasaka uko njiani kutoka Dodoma.

Jumatano ilikuwa zamu ya jumuiya kusali kwetu. Nilimwomba Mama Bryson, mwenyekiti wetu, waturuke, kwa vile chumba kinanuka. Akanijibu, "Bertha, kwani mimi bwana afya?" Wakaja kumi na mmoja. Jirani yetu Bi Chiku naye, alipomaliza kuswali, akaleta uji. Rozari haikufika tendo la pili, mama akaguna kwa maumivu. Wakaiacha, wakachemsha maji, wakamwogesha. Ndipo akawaambia kwamba mgongo unamuuma siku nyingi. Mimi alinificha, eti nisichoke.

Sasa wamegawana siku za kumwogesha, na Bi Chiku amechukua yake. Jumapili nimewakatalia. Nimewaambia hiyo ni ya binti wa mwisho wa mama, yuaja. Usinifanye mwongo mbele ya watu hawa.

Dada yako,
Bertha