Baba, Mfumo Uliokukataa Ulikuwa Wangu

Baba yangu,

Nikikukumbuka, naanza na mikono. Ulikuwa fundi wa mawe. Asubuhi ulitoka kwa miguu kwenye chumba chetu cha mtaa wa Kianda kwenda kuwajengea wenye ploti wa Kawangware, na jioni ukarudi simiti imekukaukia vidoleni. Mama alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mimi ndiye niliyekupaka mafuta ya kupikia na kusugua ngozi ilainike. Wewe ulifumba macho kwa maumivu, ukaniuliza tebo ya kuzidisha ya saba. Nikikosea, ulinivuta sikio kwa mkono uleule wenye mafuta, nikatembea na sikio linalong'aa hadi siku ya pili.

Nilipoajiriwa kwenye timu inayotengeneza huduma za serikali za mtandaoni, ulisimama kanisani kutoa shukrani. "Msichana wangu sasa anafanyia serikali kompyuta," ulisema. Watu wakapiga makofi, nawe ukasahau kukaa.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandika kanuni za kutuongoza. Nilikuletea Jumapili moja, nikakusomea ukiwa unakula samaki. Mjue kwanza yule utakayemhudumia. Tumia maneno anayotumia yeye. Usimwulize tena jambo ambalo serikali inalijua tayari. Usimwachie mtu mlango mmoja tu. Ulitoa mwiba mdomoni, ukafikiri.

"Ziko sawa, nyathina," ukaniambia. Hata nikiwa na kazi yangu uliendelea kuniita mtoto wako, kwa Kijaluo. "Lakini hiyo mashine ikikataa, nani atatoka nje aniambie? Andika hiyo."

Niliiandika. Mkuu wetu akaifuta, akasema haisikiki kitaalamu. Zile nyingine zilichapishwa kwa rangi nzuri na kutundikwa ukutani, pale watu wanapochotea chai.

Halafu ikaja mashine ya alama za vidole. Wagonjwa wa hospitali za umma wangetambuliwa kwa kidole, na karatasi zingeondolewa kabisa. Tulihitaji watu wa kuijaribu, nikakuleta wewe. Ulikuja umevaa koti lako la arusi. Ukaweka kidole gumba, ikakataa. Ukaweka cha pili, ikakataa. Ulijaribu vyote kumi, ukavipangusa kwenye suruali, ukaanza upya. Mwishowe ukawaambia vijana wa timu, "Simiti imenifuta," nao wakacheka pamoja nawe. Mimi sikucheka. Nilinakili tu: vidole kumi, vyote vimekataliwa.

Ripoti niliiandika, hilo ulijue. Niliandika kwamba mafundi wa mawe, wauza makaa wa mtaa wa Silanga na akina mama wa kufulia watu nguo, ambao kazi imewafuta alama za vidole, wote watakwama, na kwamba lazima pawe na njia ya pili. Mkuu aliisoma akiwa amesimama.

"Hao ni wachache," akasema. "Tuzindue kwanza, tutarekebisha baadaye."

Nikamjibu, "Sawa."

Hakuna neno ninalolijutia kama hilo. Nilikuwa na kazi niliyoipenda na jina langu limeanza kujulikana. Nikasema sawa, nikarudi kwenye kiti changu.

Mwaka huohuo figo zako zikaharibika. Ilibidi usafishwe damu mara mbili kwa wiki, na miezi ya kwanza ulienda na kadi yako ya hospitali, ukahudumiwa bila shida. Kisha mashine zetu zikafika huko. Mimi nilikuwa safarini kufundisha makarani wa kaunti nyingine jinsi ya kuzitumia. Niliporudi nilipitia kwako, nikakuta miguu yako imevimba hadi viatu havikuingia.

"Baba, umekuwa ukienda hospitali?"

"Nimeenda mara mbili. Wanasema system imenikataa, nirudi kesho."

"Na hukunipigia?"

"Nikupigie nikuambie nini? Hiyo si ni kazi yako? Sikutaka uaibike kwa wakubwa wako juu ya kidole."

Asubuhi yake tulienda pamoja. Karani alikuwa msichana mdogo kwangu, amechoka, foleni imemjaa mlangoni.

"Mzee, si nilikuambia?" akasema. "Hii kitu lazima ikusome ndio nikuingize. Mimi sina pahali pengine ya kubonyeza."

Akatugeuzia kioo cha kompyuta tujionee. *Samahani, hatukuweza kukutambua. Tafadhali jaribu tena.*

Maneno hayo ni yangu, Baba. Niliyaandika siku nzima, nikayalainisha yasimtishe mgonjwa, nikataka yawe na heshima. Uliyasoma kwa sauti, polepole. Kisha ukaweka kidole tena, kwa sababu umeambiwa tafadhali.

Ndipo nilipopiga kelele. Nilitoa kitambulisho changu cha kazi, nikagonga milango, hadi daktari mmoja akatoka na kuamuru uingizwe kwa kalamu na karatasi. Lakini maji yalikuwa yameshafika mapafuni. Ulikaa siku mbili tu. Siku ya pili ulinishika mkono, ukaniuliza kama nimeomba ruhusa kazini. Hukusema kingine.

Tulikuzika nyumbani, upande wa ziwa. Niliporudi ofisini nilienda moja kwa moja mkutanoni, nikaisoma ile ripoti kwa sauti kutoka juu hadi chini, kisha nikataja jina lako na kazi uliyoifanya maisha yako yote. Mkuu alinipa pole. Akamgeukia kijana wa programu.

"Tunaweza kuweka kitufe cha kumwandikisha mtu kwa jina na nambari ya kitambulisho?"

"Tunaweza."

"Itachukua muda gani?"

Kijana aliangalia meza. "Mchana huu itakuwa imeisha."

Na iliisha. Saa kumi ilikuta kitufe kinafanya kazi. Mchana mmoja, Baba. Hata chai ya saa kumi hawakuikosa.

Sasa wameniomba nisimame mbele ya wageni, nieleze jinsi tunavyojifunza kutoka kwa watumiaji. Nimekataa. Sitakuita mtumiaji. Nimewaambia wakitaka kujua, wasome barua hii, na ndiyo sababu nimeiacha wazi.

Pumzika. Siombi unisamehe. Nakujua, ungenisamehe upesi mno, nami hasira yangu bado naihitaji.

Ni mimi,
binti yako wa pekee